Kutoka "Stock" hadi "Fanya Juu": Neno la Kiingereza na Historia Yake katika Vilima vya Kathiani, Machakos

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu maneno ya Kiingereza katika Afrika Mashariki umeelemea kwa muda mrefu upande wa ukopaji na utohozi. Wataalamu wameonyesha kwa mapana jinsi maneno kama vile "shati" na "baiskeli" yalivyoingia katika Kiswahili, yakavishwa irabu za mwisho na kupangwa katika ngeli. Lililoshughulikiwa kwa uchache ni suala la maneno ambayo, katika kipindi muhimu cha historia yake, hayakukopwa bali yalifasiriwa. Neno lililokopwa huonekana wazi kuwa ni geni. Neno lililofasiriwa, kinyume chake, huvaa vazi la mwenyeji, na msikilizaji hudhani kwamba yeye na msemaji wanazungumzia jambo lile lile.

Makala haya yanachunguza neno moja la aina hiyo, yaani "stock", pamoja na umbo lililonyambuliwa kutokana nalo, "destocking", ambalo lilitikisa Wilaya ya Machakos mwaka 1938. Eneo linaloangaliwa hasa ni Kathiani na majirani zake, kaskazini-mashariki mwa mji wa Machakos, pembezoni mwa vilima vya Iveti. Hoja kuu ni kwamba mgogoro wa 1938, ambao wanahistoria wameueleza kama mgogoro wa ardhi, wa bei na wa siasa, ulikuwa vilevile mgogoro wa maana. Utawala ulilitumia neno "stock" kwa maana yake moja tu, ile nyembamba kuliko zote. Wakamba, ambao wengi wao hawakukijua Kiingereza, waliishi kwa kuzifuata takriban maana nyingine zote zilizomo ndani ya neno hilo. Kwa mtazamo huu, waliotajwa katika nyaraka za serikali kuwa hawaelewi ndio waliokuwa karibu zaidi na historia ya neno lenyewe.

2.0 Neno na mizizi yake

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilitamkwa "stocc", na maana yake ilikuwa shina la mti au gogo. Kijerumani kingali na jamaa yake, "Stock", kwa maana ya fimbo. Kutokana na picha hiyo ya mti yalichipuka matawi mengi. Shina la mti likawa shina la watu, na "stock" ikamaanisha nasaba au ukoo. Gogo likawa kifaa cha adhabu, mbao zilizotobolewa na kufungwa miguuni mwa mhalifu, kifaa ambacho msomaji wa Biblia ya Kiswahili anakijua kwa jina la mkatale katika kisa cha Paulo na Sila. Kipande cha mti kikawa kitako cha bunduki. Baadaye neno likabeba maana ya bidhaa zilizowekwa ghalani, ya mtaji wa biashara, ya hisa za kampuni, ya supu ya mifupa jikoni na ya wanyama wa shambani.

Tawi moja la historia hiyo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwa karne nyingi Hazina ya Uingereza iliweka kumbukumbu za madeni kwa vijiti vilivyotiwa alama na kisha kupasuliwa kwa urefu. Kila upande ulibaki na kipande chake, na kipande kirefu, kilichokaa kwa mkopeshaji, kiliitwa "stock". Aliyekuwa nacho alikuwa na haki ya kudai. Vijiti hivyo vilipochomwa mwaka 1834, baada ya utaratibu huo kuachwa, moto wake ulisambaa na kuliteketeza jengo la Bunge la Westminster. Kisa hiki kina umuhimu wake katika uchambuzi unaofuata, kwa sababu kinaonyesha kwamba neno hili lilikwisha kuhusishwa na uhusiano baina ya watu wawili. Halikuwa jina la kitu au idadi tu.

Maneno jirani yanatoa ushahidi wa aina hiyo hiyo. Neno la Kiingereza "cattle" lilitokana na neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha mali, nalo lina asili moja na "capital", yaani mtaji. Neno "fee", ambalo leo ni ada, lilikuwa katika Kiingereza cha kale neno la ng'ombe na la fedha pia. Kilatini nacho kiliita fedha "pecunia" kutokana na "pecus", mifugo. Hivyo basi lugha za Ulaya zilipitia hatua ambayo mnyama, mali na deni vilishikamana katika neno moja. Hatua hiyo ilisahauliwa na wasemaji wengi, lakini alama zake hazikufutika katika msamiati.

3.0 Mifugo katika lugha na maisha ya Wakamba

Katika Kikamba neno "indo" hubeba mali kwa jumla, na humo humo mna mifugo. Mwenye indo ni mwenye uwezo. Muungano huu wa maana haukutokana na uhaba wa msamiati, maana Kikamba kina maneno mahususi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kina istilahi pevu za ardhi ambamo wanyama hao walichungwa. "Weu" ilikuwa nyika ya malisho ya wote. "Kĩsesi" ilikuwa malisho ambayo mtu au jamaa iliyadai kuwa yake. "Ng'ũndũ" ilikuwa ardhi iliyolimwa na kumilikiwa. "Kyengo", na kwa wingi "syengo", kilikuwa kituo cha mbali ambako vijana walikwenda na mifugo wakati wa kiangazi. Kila neno hapa linaeleza jambo moja la ardhi na wakati huo huo haki ya mtu juu yake.

Kazi za mifugo katika maisha hayo zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kwanza, mifugo ilikuwa shina la ukoo. Ndoa haikukamilika bila mbuzi wa "ntheo", na hadi leo mahakama za Kenya, zinapoamua endapo ndoa ya kimila ya Kikamba ilifungwa, huuliza kama ntheo ilitolewa. Kutoka ntheo familia ziliendelea hadi mahari ya ng'ombe, na watoto waliozaliwa walijulikana ni wa nani kwa kufuata nyayo za wanyama hao. Pili, mifugo ilikuwa ghala. Machakos ni nchi ya mvua isiyotabirika, na historia ya Wakamba huhesabiwa kwa majina ya njaa, au "yua". Yua ya Ngomanisye, iliyowaua watu wengi mwishoni mwa karne ya 19, haikusahaulika. Mahindi huoza na mtama huliwa na wadudu, lakini ng'ombe hutembea na mwenyewe hadi penye nafaka, akabadilishwa huko kwa chakula. Tatu, mifugo ilikuwa haki ya kudai. Mnyama aliyewekwa kwa jamaa au rafiki wa upande mwingine wa mto alimwezesha mwenyewe kupata hifadhi huko siku ya shida.

Msomaji atatambua kwamba makundi haya matatu, yaani shina, ghala na haki ya kudai, ndiyo matawi makuu ya neno "stock" yaliyoelezwa hapo juu. Ulinganifu huu hautokani na lugha moja kuazima kutoka kwa nyingine. Unatokana na tajriba inayofanana ya jamii zinazotunza thamani katika viumbe hai.

4.0 Mwaka 1938: neno linapokuwa amri

Kufikia miaka ya 1930, Wakamba wa Machakos walikuwa wamebanwa. Ardhi nzuri za pembeni, zikiwemo za vilima vya Mua, zilikuwa zimepewa walowezi. Nyanda za Yatta, ambako syengo zilikuwa zikienda tangu zamani, zilihesabiwa kuwa ardhi ya Serikali. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1934, haikurudisha sehemu kubwa ya ardhi hizo. Wakati huo huo udongo ulikuwa ukibebwa na maji. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kilimo, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko katika Hifadhi ya Ukamba ambamo hali ya vilima ilielezwa kwa lugha ya kutisha. Makorongo yalikuwepo kweli, wala Wakamba hawakuyakana. Ubishi ulihusu sababu yake.

Hapo ndipo neno lilipofanya kazi yake. Katika lugha ya utawala, tatizo liliitwa "overstocking", yaani wingi wa mifugo kuliko uwezo wa ardhi. Neno hili lina hila ya kisarufi. Linahusisha vitu viwili, wanyama na ardhi, lakini kiambishi chake kinawalaumu wanyama peke yao. Ardhi iliyopunguzwa kwa mipaka haionekani ndani ya neno, na aliyeipunguza haonekani kabisa. Endapo tatizo lingeitwa uchache wa ardhi, dawa yake ingekuwa kurudisha Mua na Yatta. Kwa kuwa liliitwa wingi wa mifugo, dawa iliyofuata kimantiki ilikuwa "destocking".

Taaluma nayo iliongeza neno jingine. Mwaka 1926 mwanaanthropolojia wa Marekani, Melville Herskovits, alichapisha uchunguzi kuhusu kile alichokiita "cattle complex" ya Afrika Mashariki. Kwake yeye neno "complex" lilikuwa na maana ya mkusanyiko wa sifa za kitamaduni zinazoandamana. Kwa wasomaji wengi nje ya taaluma hiyo lilieleweka kama ugonjwa wa akili, kana kwamba wafugaji walikuwa na wazimu wa ng'ombe. Huu ni mfano mwingine wa neno moja kusomwa kwa maana isiyokusudiwa, na usomaji huo ulizaa sera.

Mwaka 1938 sera hiyo ilitekelezwa kwa nguvu. Ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa mnadani kwa bei ya chini, na mnunuzi mkubwa alikuwa kampuni ya Liebig, iliyokuwa imefungua kiwanda cha nyama huko Athi River na kuhitaji wanyama wengi wa bei nafuu. Wakamba hawakushindwa kuona uhusiano baina ya mambo hayo mawili. Waliambiwa kwamba ng'ombe wanaondolewa kwa ajili ya udongo, nao wakaona wakielekea kwenye mikebe.

Upinzani uliongozwa na Ukamba Members Association, chama kilichoundwa mwaka huo huo, na jina lililojulikana zaidi ni la Samuel Muindi Mbingu wa Ngelani, katika vilima hivyo hivyo vya Iveti. Mwishoni mwa Julai 1938 maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Gavana alikwenda Machakos mwezi Agosti na kuhutubia baraza, lakini hakuiondoa amri. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Mtu wa vilimani alipelekwa katika mji wenye hazina kubwa ya ushairi wa Kiswahili, kwa kosa la kukataa tafsiri ya neno la Kiingereza. Hata hivyo kabla ya mwaka huo kwisha, Serikali iliachana na mauzo ya lazima. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, vita vya Ulaya vilikuwa vikinukia, na utawala haukutaka kupoteza utii wa askari wake kwa ajili ya ng'ombe.

Katika kuichambua amri hiyo kwa upande wa lugha, ni muhimu kuangalia kisawe chake katika Kiswahili, "kupunguza mifugo". Kisarufi hakuna kasoro. Tena Kiswahili kina kiambishi cha utendo wa kinyume kinachoonekana katika funga na fungua, tega na tegua, pakia na pakua. Lakini kitenzi kufuga hakina kinyume cha namna hiyo. Mtu hufuga, huuza, huchinja, hutoa mahari au hufiwa na mnyama. Kila njia ya mnyama kutoka zizini ina kitenzi chake na sababu yake. Kitenzi kupunguza hakina sababu. Kinataja hesabu tu. Mfasiri aliyelazimika kukitumia alikuwa mwaminifu kwa umbo la Kiingereza cha maofisa, na kwa uaminifu huo akaurithi ufinyu wake. Kwa masikio ya mwenye indo, kupunguza mifugo kulikuwa sawa na kuambiwa apunguze ukoo wake, ghala lake na madai yake kwa watu, bila kuambiwa ni yupi, ni lipi, wala kwa nini.

5.0 Kamusi na mwanafunzi wa lugha

Mwaka mmoja baada ya mgogoro, mwaka 1939, zilitoka kamusi sanifu za Kiingereza-Kiswahili na Kiswahili-Kiingereza zilizosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, na zilizofungamana na jina la Frederick Johnson. Kazi hiyo ilijengwa juu ya msingi wa A. C. Madan, ambaye kamusi yake ya Kiingereza-Kiswahili ilichapishwa mwaka 1894. Mchango wa kamusi hizi hauna ubishi, na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996 iliendeleza jadi hiyo. Hata hivyo muundo wa kamusi ya lugha mbili una mpaka wake. Kidahizo kimoja hugawanywa katika visawe vilivyopewa nambari: shina, nasaba, akiba, mtaji, hisa, mifugo, kitako cha bunduki, mkatale. Mwanafunzi huchagua nambari moja na kuziacha nyingine. Mgawanyo huo humsaidia kufasiri sentensi, lakini humwondolea fununu kwamba nambari zote hizo ni matawi ya mti mmoja.

Tatizo hili si la mwanafunzi wa Kathiani peke yake. Linampata kila anayejifunza neno hili kutoka nje ya Kiingereza, na mfano wa Uchina unaonyesha hivyo vizuri, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2005, ilipofunguliwa Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi, lugha hizo mbili zimekuwa zikikutana katika darasa moja nchini Kenya. Mwanafunzi wa Kichina anapokutana na "stock" huelekezwa kwenye maneno mbalimbali ya lugha yake: "gupiao" kwa hisa, "kucun" kwa bidhaa za ghalani, "shengchu" kwa mifugo. Kila moja liko mbali na jingine, na mwalimu humwonya asiyachanganye. Lakini maandishi ya Kichina yenyewe yana ushahidi tofauti. Herufi ya mifugo, inayosomwa "chu", husomwa pia "xu" kwa maana ya kufuga. Ikiongezewa alama ya majani juu yake, huwa herufi nyingine, nayo pia husomwa "xu", ambayo maana yake ni kuweka akiba. Ndiyo iliyomo katika neno la kawaida la akiba ya benki. Mwandishi wa Kichina, kwa hiyo, huandika akiba kwa kumweka mnyama chini ya majani. Anachohitaji mwanafunzi huyo ili alielewe neno la Kiingereza tayari kimo katika mwandiko wake, ila orodha ya visawe haimwonyeshi.

Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi Mkamba. Mwalimu anayemwambia kwamba "stock" ni mifugo, kisha nukta, amemfundisha maana ya nyaraka za 1938. Mwalimu anayeanza na "indo", akamwuliza ni vitu gani huitwa hivyo nyumbani kwao na kwa nini, atamfikisha kwenye ghala, mtaji na nasaba bila shida kubwa. Hii haina maana kwamba "indo" na "stock" ni sawa. "Indo" haimaanishi hisa wala mkatale. Ina maana kwamba njia ya kuelekea neno geni mara nyingi hupitia neno la mama, na kwamba kulificha neno la mama kwa hofu ya makosa ni kuiziba njia hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba neno lenyewe hatimaye lilikopwa. Dukani Kathiani, kama kwingineko Kenya, mwenye duka husema stoki imekwisha au anakwenda mjini kuongeza stoki. Huku "soko la hisa", ambalo Nairobi limekuwepo tangu mwaka 1954, likitumia neno jingine kabisa, stoki imejichagulia maana ya ghala. Hakuna kamati iliyoamua hivyo. Katika maana zote alizopewa na Kiingereza, msemaji wa kawaida aliichukua ile ambayo ng'ombe wa babu yake walikuwa nayo.

6.0 "Fanya juu": safari ya upande wa pili

Uchunguzi wa neno "stock" katika vilima hivi ungebaki nusu endapo ungeishia kwenye upinzani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hasa katika miaka ya 1950, Machakos ilishuhudia kazi kubwa ya kuhifadhi udongo. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa ya shuruti ya kikoloni, na ilichukiwa. Sehemu nyingine ilifanywa kupitia "mwethya", utaratibu wa Kikamba wa majirani kusaidiana kazi, ambamo wanawake walishika nafasi ya mbele. Katika mazingira hayo lilienea tuta lililokuja kujulikana kwa jina la "fanya juu". Mkulima huchimba mfereji kwa kufuata kontua na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, ukawa tuta. Baada ya misimu kadhaa udongo unaoteremka huzuiliwa nyuma ya tuta hilo, na mteremko hugeuka ngazi. Udongo ukitupwa upande wa chini, jina lake ni "fanya chini".

Mhakiki wa lugha atalitazama jina hili kwa mshangao kidogo. Si nomino, ni kitenzi katika hali ya kuamuru kilichofuatwa na kielezi. Mtu wa pwani angesema tupa juu au weka juu. "Fanya juu" ni Kiswahili cha kazini, cha watu wenye lugha mama tofauti waliohitaji kuelewana haraka wakiwa na jembe mkononi, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilitungwa kwa kuzingatia lugha ya namna nyingine. Hata hivyo ni maneno haya mawili, katika umbo hilo hilo, yaliyovuka mipaka. Vitabu vya Kiingereza vya uhifadhi wa udongo, vinavyosomwa Ethiopia, India na kwingineko, huandika "fanya juu" bila kufasiri. Kiingereza kimeikubali amri ya Kiswahili kuwa kivumishi cha kitaalamu. Mwanafunzi wa nchi nyingine anayelikuta neno hili katika kitabu chake huwa katika hali ile ile aliyokuwa nayo Mkamba mbele ya "destocking": ana neno geni mbele yake na hajui ni watu gani walilitamka kwanza.

Tofauti kati ya maneno haya mawili ni kubwa. "Destocking" ilikuwa nomino ya kidhahania isiyo na mtendaji, iliyotungwa ofisini kuhusu kitu kinachopaswa kupungua. "Fanya juu" ni amri ya mtu kwa mwenzake, iliyotungwa shambani kuhusu kitu kinachopaswa kuongezeka. Zaidi ya hayo, tuta la fanya juu halikumfukuza ng'ombe. Juu ya tuta hupandwa majani yanayoshika udongo, na majani hayo hukatwa yakawa lishe ya mifugo zizini. Mifugo hutoa samadi inayorudi shambani, na maksai huvuta jembe la plau. Mnyama aliyeshtakiwa mwaka 1938 kuwa adui wa udongo akawa sehemu ya matengenezo yake.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao kuhusu Machakos kati ya mwaka 1930 na 1990. Walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka kutoka takriban 240,000 hadi takriban 1,400,000, ilhali mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila kilomita ya mraba yakapanda. Baadhi ya wataalamu wamepinga upana wa hitimisho lao, hasa kuhusu sehemu kavu za wilaya na kaya maskini zisizofaidika sawa na nyingine. Lakini hata wapinzani hao hawajairudisha hoja ya zamani kwamba mifugo ya Wakamba pekee ndiyo iliyokuwa chanzo cha maafa. Neno "overstocking", lililoonekana mwaka 1938 kuwa ni maelezo ya kisayansi, limedhihirika kuwa lilikuwa pia hoja ya upande mmoja katika kesi ya ardhi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maana ya neno haikamiliki kwa kisawe chake, na kwamba matumizi ya neno mahali fulani na wakati fulani ni sehemu ya maana hiyo. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, iliyokamilika mwaka 1928, ilijengwa juu ya kanuni hiyo ya kihistoria: kila maana imeandamana na ushahidi wa matumizi na mwaka wake. Kiswahili bado kinaidai kamusi ya namna hiyo. Katika kamusi hiyo, "kupunguza mifugo" ingeandamana na mwaka 1938 na jina la Machakos. "Mwethya", ambalo limezoeleka katika Kiswahili cha Ukambani, lingepewa nafasi. Na "fanya juu" ingeingizwa kama kidahizo chenye hadhi kamili, pamoja na maelezo ya namna amri ilivyogeuka jina.

Mambo mawili yanafuata kutokana na uchunguzi huu. La kwanza linahusu mafunzo ya lugha. Katika shule za Kathiani, ambako mtoto huishi baina ya Kikamba, Kiswahili na Kiingereza, polisemia isifundishwe kama orodha ya kukariri bali kama historia inayoweza kuulizwa maswali. La pili linahusu uhakiki wenyewe. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutafuta ubishi wa maana katika tenzi, riwaya na tamthilia. Nyaraka za utawala, ripoti za kilimo na hotuba za baraza zimeachiwa wanahistoria. Ilhali ni katika maandishi hayo makavu, ambamo kila neno linajifanya kuwa na maana moja tu, ndimo tafsiri iliweza kumwondolea mtu ng'ombe wake. Maelfu waliotembea kutoka Iveti hadi Nairobi hawakuacha utenzi uliochapishwa, lakini kwa kusafiri kwao waliusoma waraka wa Serikali kwa makini, wakalikataa neno lake kuu, na Serikali ikalazimika kulifuta. Usomaji huo unastahili nafasi katika historia ya uhakiki, na kazi ya kuyakusanya masimulizi yake kutoka kwa wajukuu wao vilimani Iveti haijachelewa kuanzwa.